Uzamili wa ustawi wa jamii: kwa tasnifu, au kwa kozi na mafunzo ya vitendo?

Anayetafuta uzamili wa ustawi wa jamii hukutana na njia mbili zinazofanana kwa nje. Ya kwanza ni uzamili wa utafiti: unaingia na swali lako, unapangiwa msimamizi, na kinachotahiniwa mwishoni ni tasnifu peke yake au karibu peke yake. Ya pili ni uzamili wa kitaaluma: unasoma kozi, unafanya mitihani, unatumikia vitendo katika ofisi au kituo, kisha mara nyingi unamalizia na tasnifu fupi. Vyeti vyote viwili vimeandikwa uzamili. Tofauti huja kuonekana siku ya kuomba usajili wa taaluma au nafasi ya uzamivu, na hapo kurudi nyuma kunagharimu miaka.

Anza na usajili, utafiti baadaye

Kabla hujajiuliza kama unapenda utafiti, jiulize kama tayari unazo sifa za kusajiliwa kuwa afisa ustawi wa jamii mahali unapokusudia kufanya kazi. Jibu la hapo huamua zaidi ya nusu ya jambo lote.

Sababu yake ni saa za vitendo. Nchini Marekani, baraza linaloidhinisha elimu ya fani hii hudai saa zisizopungua 900 za vitendo kwa uzamili, na 400 kwa shahada ya kwanza. Nchini Australia chama cha taaluma hudai saa 1,000. Kule England kiwango ni siku 200, zikiwemo 30 za mafunzo ya stadi. Uzamili wa utafiti kwa kawaida hauna hata saa moja ya namna hiyo. Unaweza kukaa miezi sita ukihoji watu katika kituo kilekile ambacho mwenzako alifanyia vitendo, na bado yeye akahesabiwa saa zake na wewe usihesabiwe. Yeye alibeba mashauri, akayaandikia ripoti, na kulikuwa na afisa mwenye sifa aliyemkagua akiyabeba. Wewe ulikuwa mgeni mwenye kinasa sauti.

Kwa hiyo mwenye shahada ya kwanza ya sosholojia, saikolojia au maendeleo ya jamii anayetaka kuingia kwenye kazi ya ustawi hana sababu ya kuanzia kwenye tasnifu. Aende kwenye kozi na vitendo. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote: mtu anapata nafasi ya utafiti, pengine na ufadhili juu yake, anamaliza vizuri, kisha anaambiwa na mamlaka ya usajili kwamba alichosoma hakimpi sifa. Kwa aliye na shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii na usajili mkononi, hesabu inageuka. Sehemu ya kozi za uzamili wa kitaaluma atakuta ameshazisoma, ndiyo maana vyuo vingi vya Marekani humpunguzia muda mwombaji wa aina hiyo. Uzamili wa utafiti humpa kile ambacho hajawahi kukipata: kulikalia swali moja mpaka lijibike.

Kuna mtu mmoja tu mwenye usajili ambaye tungemzuia asikimbilie tasnifu. Ni yule anayetaka kutoa tiba ya kisaikolojia akiwa afisa ustawi. Katika majimbo ya Marekani, leseni ya ngazi hiyo hudai uzamili wa kitaaluma pamoja na saa nyingine nyingi za kazi iliyosimamiwa baada ya kuhitimu. Tasnifu, hata ingekuwa bora namna gani, haifungui mlango huo.

Majina ya shahada nayo hupotosha. MSW (Master of Social Work) kwa kawaida ni ya kitaaluma, MPhil na MRes ni za utafiti. MA na MSc zinaweza kuwa chochote: Uingereza zipo zinazompa mtu sifa ya kusajiliwa, na zipo zenye jina hilohilo zisizompa. Usisome jina, soma mwongozo wa programu. Tafuta idadi ya saa au siku za vitendo, uzito wa tasnifu ndani ya krediti zote (vipimo vya kazi ya masomo), na jina la chombo kilichoidhinisha programu. Chombo kisipotajwa, iandikie mamlaka ya usajili yenyewe barua pepe ukiuliza kwa jina la programu na mwaka wa kuanza masomo. Ofisi ya udahili hujibu kwa nia njema, lakini si yenyewe inayosajili.

Uzito wa tasnifu kwa tarakimu

Afrika Kusini inasaidia kuliona jambo hili kwa macho. Uzamili huko una krediti 180, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kwa njia ya tasnifu, krediti zote 180 zimo ndani ya utafiti. Kwa njia ya kozi, sehemu ya utafiti haipungui 60. Ni saa 1,800 dhidi ya 600. Aliyewahi kuandika ripoti ya shahada ya kwanza katika muhula mmoja na kuona kwamba aliimudu, alimudu kazi ndogo mara nyingi kuliko hii ya saa 1,800.

Kwa urefu, tasnifu ya njia ya utafiti mara nyingi huangukia kati ya maneno 30,000 na 40,000, na baadhi ya vyuo huenda mbali zaidi. Tasnifu fupi ya njia ya kozi huwa kati ya 10,000 na 20,000. Urefu si ndio ugumu. Ugumu ni kwamba katika njia ya kozi ukianguka somo moja unalirudia na mengine yanasimama, ilhali katika njia ya utafiti tasnifu ikitiwa dosari kubwa na mtahini wa nje hakuna alama nyingine ya kuibeba. Unarudi kuandika upya, pengine kwa muhula mzima, na ada juu.

Swali: hapa ndipo wengi wanapokwama

Mwombaji wa njia ya kozi anaweza kuingia chuoni bila swali na likamjia katikati ya masomo. Wa njia ya utafiti analihitaji kabla ya kudahiliwa, maana ndilo linalomtafutia msimamizi. Na mapendekezo mengi ya utafiti hukataliwa kwa sababu yalileta mada badala ya swali.

"Changamoto za watoto wa mitaani" ni mada. Haina mwisho na kila mtu ameshaiandikia. Ibane hivi: watoto waliorudishwa kwa familia zao kisha wakaondoka tena ndani ya miezi sita wanaelezaje sababu za kuondoka, na maelezo yao yanatofautianaje na yaliyoandikwa kwenye majalada yao na maafisa? Sasa kuna watu wanaojulikana, muda wenye mpaka, na aina mbili za data zinazoweza kuwekwa bega kwa bega. Muhimu zaidi, jibu linaweza kumshangaza mtafiti mwenyewe. Kama unalijua jibu la swali lako kabla ya kutoka nyumbani, swali halijaiva.

Kisha lipime kwa jambo moja la kawaida kabisa: je, unaweza kuwafikia watu 15 hadi 20 wa aina hiyo, kwa ruhusa, ndani ya miezi minne? Kama jibu ni "labda", badilisha swali sasa hivi, kabla ya kuandika pendekezo. Mwanafunzi wa kozi mwenye hamu na mada hiyohiyo angeweza kuishia kwenye majalada peke yake, tuseme 40 ya ofisi moja, akachunguza jinsi maafisa wanavyoandika sababu za mtoto kuondoka. Ni kazi halali na inamalizika. Ila ajue mapema kwamba majalada huwa na mapengo: tarehe hazipo, kurasa zimechomolewa, mwandiko wa maafisa watatu katika shauri moja. Jalada huonyesha kile ambacho afisa alikuwa na muda wa kukiandika.

Kibali cha maadili, na mambo yanayokirudisha

Hapa fani yetu ni ngumu kuliko nyingi, kwa sababu watu tunaotaka kuwahoji karibu wote wako katika hali ya unyonge: watoto, wagonjwa, waliopigwa na wenzi wao, wazee wasio na mtu. Mwanafunzi wa kozi anaweza kulikwepa hili kwa kutumia data iliyokwisha kukusanywa. Wa tasnifu kwa kawaida hakwepi, na atenge miezi, si wiki.

Ruhusa ni mbili, na hupenda kufungana. Kamati ya maadili ya chuo inataka barua ya taasisi utakayofanyia utafiti. Taasisi nayo inasema haitoi barua mpaka ione kibali cha kamati. Fundo hili hufunguliwa kwa kuiomba taasisi barua ya kukubali kimsingi, yenye sharti kwamba utafiti hautaanza kabla ya kibali. Kamati nyingi huipokea. Iombe barua hiyo wakati bado unaandika pendekezo, na imuendee mtu mwenye mamlaka ya kuitia sahihi. Rafiki aliye mapokezi hawezi kukusaidia.

Kwa watoto, ridhaa ya mlezi haitoshi. Mtoto mwenyewe lazima akubali kwa lugha anayoielewa, na kukataa kwake kuheshimiwe hata mlezi akiwa amekubali. Na vipi kama mlezi ndiye aliyekimbiwa? Pendekezo lisilojibu hilo hurudishwa. Andika wazi nani atasimama mahali pa mlezi na kwa mamlaka gani.

Halafu kuna mpaka wa usiri. Pale sheria inapokutaka utoe taarifa mtoto anapodhuriwa, huwezi kumwahidi mtu kwamba kila atakachosema kitabaki kati yenu. Mwambie kabla ya kubonyeza kinasa sauti, kwa maneno mepesi: "Utakayoniambia nitayatunza na jina lako halitaandikwa popote. Ila ukinieleza kwamba kuna mtoto anaumizwa, itanibidi nitoe taarifa, na nitakuambia kabla sijafanya hivyo." Wengine watanyamaza baada ya kusikia hayo. Waache wanyamaze. Ahadi ya uongo mwanzoni huvunja zaidi ya mahojiano.

Maafisa walio kazini wana mtego wao maalumu: kutaka kuwahoji wahudumiwa wao wenyewe. Ni rahisi kuwafikia, lakini mama anayesubiri sahihi yako ili apate msaada hana uhuru wa kukuambia hapana. Fanyia utafiti ofisi nyingine, au mtu asiye na mamlaka juu yao awe ndiye anayewaalika. Mengine yanayorudisha maombi ni madogo na ya kuudhi kwa kuwa yanaepukika: fomu ya ridhaa yenye sentensi ndefu za kisheria, kutosema sauti zitahifadhiwa wapi na zitafutwa lini, na kutotaja nani atampokea mshiriki akilemewa na kilio katikati ya mahojiano. Tafuta huduma hiyo kwanza, ongea nao, ndipo uandike jina lake kwenye fomu.

Saa ambazo hakuna anayezihesabu

Tuseme umepata kibali na umefanya mahojiano 20, kila moja dakika 50. Hizo ni takriban saa 17 za sauti. Kuiandika saa moja ya sauti neno kwa neno humchukua mtu wa kawaida saa 4 hadi 6, zaidi kama kuna kelele au wazungumzaji wanakatizana. Unatazama saa 70 hadi 100 za unukuzi kabla hujachambua chochote. Kama mahojiano yalikuwa kwa lugha moja na tasnifu inaandikwa kwa nyingine, kutafsiri yote kunaweza kuongeza karibu kiasi hichohicho tena. Ushauri wetu: chambua katika lugha ya mzungumzaji, kisha tafsiri zile nukuu tu zitakazoingia kwenye tasnifu. Unaokoa wiki, na hupotezi namna mtu alivyolisema jambo lake, ambayo mara nyingi ndiyo data yenyewe.

Ratiba inayosema mwezi mmoja wa kukusanya na mwezi mmoja wa kuchambua imekufa kabla ya kuanza. Miezi mitatu ya uchambuzi ni kiwango cha chini chenye busara.

Wapo wanaochagua mahojiano kwa kuogopa takwimu, na wapo wanaochagua dodoso wakidhani tarakimu huonekana za kisayansi zaidi. Dodoso lina ugumu wake. Kwa idadi kubwa ya watu, kanuni ya kawaida ya sampuli yenye uhakika wa asilimia 95 na ukingo wa makosa wa asilimia 5 hudai watu wapatao 385, waliochaguliwa kwa nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Orodha kamili ya wanaopigwa nyumbani haipo popote. Bila orodha hiyo, dodoso 385 zilizojazwa na waliopatikana tu haziwezi kusemea wengine, na mtahini ataliona hilo ukurasa wa kwanza wa sura ya mbinu.

Msimamizi wa tasnifu, msimamizi wa vitendo

Katika njia ya utafiti unachagua mtu zaidi ya unavyochagua chuo. Angalia ameshawafikisha wangapi kwenye kuhitimu, ana wanafunzi wangapi sasa, na kama yuko karibu na likizo ndefu au kustaafu. Angalia pia mbinu. Bingwa wa mada yako aliyezoea takwimu maisha yake yote atakusumbua ukimletea simulizi za watu 12, naye hatakuwa na makosa. Mwandikie ukurasa mmoja tu: swali, data utaipata wapi, na kwa nini yeye.

Ukishakubaliwa, pangeni siku maalumu kila baada ya wiki mbili au kila mwezi, na tuma kurasa siku tatu kabla, hata zikiwa mbovu. Baada ya kikao andika barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Tasnifu nyingi hufia hapa: mwanafunzi hajaandika, anaona haya kumwona msimamizi, na kwa kuwa hamwoni haandiki. Mwezi unakuwa mwaka. Njia ya kozi haina hatari hii kwa kiwango hicho, kwani ratiba inakusukuma na wenzako wako ubavuni.

Huko kwenye kozi anayekufaa au kukuangusha ni msimamizi wa vitendo. Tatizo la kawaida ni kugeuzwa karani wa kupanga majalada kwa miezi. Dawa yake ni mkataba wa mafunzo ulioandikwa wiki za mwanzo: mashauri mangapi utabeba mwenyewe, ziara ngapi za nyumbani, kikundi kipi utakiongoza, na saa moja ya usimamizi kila wiki isiyohamishwa. Bila hayo utahesabiwa saa zako zote na hutakuwa umejifunza kukaa na familia inayogombana.

Ajira, ada na kinachofuata

Vitendo mara nyingi havilipwi na hula siku za kazi, kwa hiyo mwenye ajira ya kutwa huumia zaidi kwenye kozi. Baadhi ya programu huruhusu vitendo vifanyike mahali pako pa kazi, mradi majukumu yawe mapya na msimamizi awe mwingine. Uliza kabla hujaacha kazi. Tasnifu huchanganyika na ajira vizuri zaidi, lakini huburutika, na kila muhula wa ziada una ada yake. Weka pia fungu la nauli, kinasa sauti na unukuzi, vitu ambavyo ada haivigusi. Na ukipata ufadhili kupitia mradi wa msimamizi, pokea ukijua kwamba sehemu ya swali si yako tena.

Kwa uzamivu, tasnifu ndefu ni njia fupi. Uzamili wa kozi usio na utafiti wowote unaweza kukufanya utakiwe kujazia kwanza. Kwa kufundisha chuoni, kutathmini programu na kazi za sera, njia ya utafiti inabeba uzito. Kwa kuongoza kitengo cha ulinzi wa mtoto au idara ya ustawi hospitalini, mwajiri atauliza umebeba mashauri gani. Wanaoudharau utafiti katika fani hii wanasahau ilikotoka: mwaka 1895 wakazi wa Hull House, nyumba ya huduma za jamii huko Chicago, walichapisha ramani za mtaa wao, nyumba kwa nyumba, zikionyesha mishahara na asili ya wakazi, na waliokusanya taarifa hizo walikuwa majirani wa watu wenyewe.

Ukiwa bado katikati, zipo programu zinazogawa krediti nusu kozi nusu tasnifu, na kwa afisa aliyesajiliwa asiye na uhakika na mbinu zake hizi ndizo tungezitazama kwanza. Kabla ya kutuma maombi popote, kaa uandike kurasa mbili: swali, watu au majalada utakayotumia, barua ya ruhusa itatoka kwa nani, na mwezi gani utakuwa unafanya nini. Zikiandikika kwa siku mbili tatu, mpelekee msimamizi unayemtaka. Zikigoma baada ya wiki mbili za kujaribu kwa dhati, omba ya kozi, na uziweke kurasa hizo mahali utakapoziona tena ukiwa vitendoni.